Jani Linaloua Sukari

Thankamani alianza kutengeneza mafuta ya magoti tangu alipoolewa, na wapandaji mpunga wote wa kwetu walimjua kwa hayo. Ndiyo maana ilimchoma kuona kibaraza chake kitupu, huku kwa wifi yake Omana, ng'ambo ya ukuta, viatu vimerundikana mlangoni kama siku ya harusi.

Omana alikuwa na jani moja tu. Alimpa mgonjwa wa kisukari alitafune, kisha akamtilia kipande cha sukari guru ulimini. Mgonjwa alishtuka: utamu hakuna, kama anatafuna mchanga.

"Umeona? Jani limeiua mdomoni. Kwenye damu itaponea wapi?"

Kisha akampa miiko ya dawa, kama ilivyo desturi: asile wali usiku, asiguse vitamu.

"Ulimi umekufa ganzi tu!" Thankamani alipaza sauti.

"Wivu huo, wifi," Omana akajibu juu ya ukuta. "Upake mafuta yako, labda utapoa."

Ulikuwa wivu kweli, na ulimnyima hamu ya kula. Lakini wivu huohuo ulimfanya aitazame ile miiko ambayo sisi majirani hatukuitilia maanani. Nani aache wali na vitamu, sukari yake isishuke?

Mumewe Bhaskaran, kaka yake Omana, naye alikuwa na kisukari. Thankamani akamwomba atafune jani la dada yake kila siku, aendelee na vidonge vya zahanati, ila ale vilevile alivyozoea.

"Leo nimepata mke," Bhaskaran akacheka, akijiongezea wali.

Baada ya mwezi muuguzi alimpima. Sukari ilikuwa palepale.

"Lakini huyu ni mtu mmoja, mama," muuguzi akaonya. "Hilo halithibitishi kitu."

Thankamani alisikia "palepale" tu. Alikwenda moja kwa moja uani kwa Omana, mbele ya wagonjwa.

"Jani bila miiko ni majani ya mbuzi! Muulizeni kaka yake!"

Omana akajibu: "Sawa, wifi. Na mafuta yako? Si unawakataza watu shamba na ngazi mpaka chupa iishe? Goti lipumzike hivyo, lisipone?"

Watu wakaguna. Bibi Narayani, mteja wa Thankamani wa miaka mingi, akapandisha nguo mpaka magotini.

"Haya, niletee chupa. Kesho tunapandikiza mpunga. Nitapaka, na nitainama kama kawaida. Tuone."

Macho yote yakamgeukia Thankamani. Aliyatazama yale magoti yaliyovimba.

"Usiende shambani, bibi. Yatakuuma."

"Hata nikipaka?"

"Hata ukipaka," alisema kwa sauti ndogo.

Alitaraji Omana acheke. Omana hakucheka. Alikuwa ameshamgeukia mgonjwa aliyefuata na jani mkononi, na mgonjwa yule, aliyesikia yote, akafungua kinywa kulipokea. Hilo ndilo lililomuuma Thankamani kuliko yote.