Wafagiaji Walioitwa Wacheza Kamari

Saa mbili na robo asubuhi, Noh Gyu-tae anaingia chumba cha mitambo cha chuo kikuu kimoja binafsi jijini Daegu, Korea Kusini, anavua viatu, anavaa kandambili za ofisini, na kabla hata ya kuwasha kompyuta anatupia jicho meza yake. Kiazi kitamu kipo. Cha moto, kimefungwa kwenye gazeti.

"Bora angenitukana," anasema, na hakigusi.

Kiazi kimeletwa na Mama Cha Mal-sun, mwenye umri wa miaka sitini na mitatu, mfagiaji wa jengo hilo. Amekuwa akimletea kila majira ya baridi kwa miaka sita. Hata baada ya yale Gyu-tae aliyomtendea, hakuacha.

Kazi ya Gyu-tae ni kusimamia mtandao wa chuo: tovuti gani ifunguke na ipi isifunguke. Za ngono, za kamari, anazifunga. Mhadhiri akilalamika kwamba utafiti wake umezuiwa, anamfungulia. Analipwa won milioni mbili na laki sita kwa mwezi, kwa mkataba unaoisha kila Februari. Anayetia saini ni mkuu wa utawala.

Mkuu huyo ndiye aliyepiga simu Oktoba. Wafagiaji kumi na wanane walikuwa wameachishwa kazi, na wenzao waliobaki, Mama Mal-sun akiwemo, wakaanzisha tovuti: majina yao, ratiba za zamu, picha za kichumba cha chini ya ngazi wanamolia chakula.

"Akaniambia, 'Bwana Noh, kitu kile kinatuchafua. Kifunge.' Nikauliza, kwa sababu gani? Akasema, 'Fundi ni wewe, tafuta.'"

Akatafuta. Mtambo haukubali kufunga tovuti mpaka uchague sababu kwenye orodha, na orodhani hakuna sababu inayoitwa kumkera mkuu. Gyu-tae akabonyeza ya pili: kamari. Kisha akaenda zake kula tambi.

"Wala sikuhangaika," anasema. "Hilo ndilo linaloniumiza."

Aliyeumia kwanza alikuwa Pyo Se-rin, mwanafunzi wa uzamili anayeandika tasnifu kuhusu wafagiaji hao hao. Desemba, alipokuwa akiitetea mbele ya jopo la wahadhiri watano, mmoja wao alifungua chanzo chake kikuu kwenye skrini kubwa. Ukatokea ukurasa mwekundu: TOVUTI YA KAMARI. Chini yake, kama ilivyo kwa kurasa zote za namna hiyo, jina na simu ya mhusika: Noh Gyu-tae, 4417.

Mhadhiri mmoja alicheka. Jopo likaahirisha mtihani, likamtaka binti athibitishe chanzo chake, la sivyo sura tatu zitupwe. Se-rin alipiga 4417 akiwa bado koridoni.

"Bwana Noh, naomba uniambie tu. Kamari umeiona wapi?"

"Nikamwambia ni mtambo," anasema Gyu-tae, akijifunika uso kwa viganja. "Jamani! Nikaisingizia mashine."

Kesho yake Mama Mal-sun akaja kupiga deki.

"Ee baba, hebu nieleze. Mimi hata karata za sikukuu wajukuu wananishinda. Kamari nimeianza lini?"

"Mama, yalikuwa maagizo ya juu."

"Ya juu nimeyasikia. Jina lililo chini ni la nani?"

Gyu-tae akageukia kompyuta yake.

"Haya, inua miguu," akasema Mama, akaendelea na deki yake. Asubuhi iliyofuata kiazi kilikuwa mezani.

Wiki iliyopita Gyu-tae aliifungua tovuti ile bila kumuuliza mtu. Jopo linakutana tena Jumanne, naye ameandika barua ya kurasa mbili kwa mkono wake: nani alipiga simu, siku gani, na yeye alibonyeza nini. Ataisoma mwenyewe mbele ya wahadhiri, Se-rin akiwepo. Februari ni mwezi ujao.

"Mke wangu ananiuliza tutakula nini. Ila nimechoka kuona haya mbele ya kiazi."

Viazi vyote tangu Desemba amewapa walinzi. Cha Jumanne ana mpango nacho.

"Nikishaisoma barua nitashuka kule chini ya ngazi. Miaka sita sijawahi kukanyaga. Nitapiga hodi, nitawaomba radhi mmoja mmoja kwa jina lake. Wakinikaribisha, nitakaa sakafuni nao, nikile kiazi changu."