Kondoo wa Mama Ilwad Anyolewa Julai

Kabla ya kuja Dandora kuuza mboga, Muthoki, mama wa Mumo, alinyoa kondoo miaka kumi na mmoja katika shamba la sufu huko Molo. Mtaani hakuna aliyejua hayo, mpaka kondoo wa jirani yake Qali, mama wa Ilwad, alipozaa pacha katikati ya Julai.

Maziwa hayakutosha. Wale wadogo walivuta chuchu, wakalia, wakavuta tena. Qali aliwaongezea maziwa ya dukani kwa chupa, lakini mmoja alizidi kulegea.

Muthoki alipoingia bandani, alitia vidole kwenye manyoya mazito ya mama yao. "Mama Ilwad, mnyoe."

"Na baridi hii? Unataka kumuua?"

"Amejifunika kupita kiasi, ndiyo maana hali chakula. Tazama, pumba ya jana bado iko. Akisikia baridi kidogo atakula, na akila atatoa maziwa. Bora banda lisivuje na chakula kisikose."

Qali aliwatazama wale pacha. "Haya. Lakini akifa, Mama Mumo, mimi na wewe tutaonana."

Muthoki alinoa mkasi mkubwa wa fundi cherehani, akamkalisha kondoo kwa matako na kumwegemeza magotini. Mikono yake haikuwa imesahau kazi. Sufu ilianguka mapande kwa mapande, naye akabakisha unene wa kidole mwilini.

Gordon, fundi wa baiskeli wa jirani, alichungulia getini, akamsalimu Muthoki kama bibi yake. "Niaje shosho! Huyo si atashikwa na homa?"

"Rudi kesho umwone," Muthoki akamjibu, huku akicheka.

Jioni kondoo alitetemeka, na Qali naye roho ikamruka. Walimtandikia nyasi kavu, wakaziba upepo kwa magunia. Asubuhi walimkuta akililia chakula. Alimaliza pumba, akala majani yote ya kabichi yaliyobaki kwenye kibanda cha mboga cha Muthoki, kisha akaanza kutafuna gunia la mlangoni.

Wiki haikuisha kabla kiwele hakijajaa. Pacha walinyonya mpaka povu likawatoka midomoni, vijimkia vikicheza, yule mlegevu akimsukuma mwenzake.

"Mama Mumo!" Qali aliita juu ya ukuta. "Wameshiba na maziwa yamebaki! Njoo unywe chai!"

Muthoki alifunga kibanda saa nne asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Chai ilikuwa nzito, ina iliki. Wakainywa wakiwa wamesimama bandani, wakicheka kila pacha waliporuka na kuanguka.