Landrova ya Mama Kui

Mume wangu Clifford ana wake wawili. Mmoja ni mimi, Peres, ninayesuka nywele Kenyatta Market. Wa pili alikuwa akikaa mtaa wa Karen, hana magurudumu, na kwa miaka nilimjua kwa kusimuliwa tu: mrefu, wa kijani, kioo kimoja kimepasuka, kuku wanataga kwenye kiti chake cha nyuma. Nikilalamika, Clifford alikuwa akiniambia, "Mama Anita, hiyo ni gari tu." Wanawake wanaokalia kiti changu cha saluni wameniambia wote kwamba waume huanza hivyo hivyo.

Siku za kazi Clifford ni fundi wa lifti Upper Hill. Wakubwa wakikwama na suti zao kati ya ghorofa mbili, yeye ndiye anayeitwa. Lakini Jumamosi ikifika, mikono ile ile huenda kwa magari ya zamani. Huzunguka Grogani kutafuta spea ambazo wauzaji wenyewe wamesahau wanazo, hupitia Gikomba, halafu hurudi nyumbani na mfuko wa plastiki na uso wa mtu aliyeshinda kitu. Kabati langu la vioo, ambamo wanawake wengine huweka vikombe vya wageni, limejaa mikebe mitupu ya oili, vibao vya majina vilivyong'olewa kwenye boneti, ramani za barabara zisizopitika tena na jeki moja yenye mpini wa mbao. Mchungaji alipotutembelea aliomba glasi ya maji, nikalazimika kusogeza taa ya Landrova ndipo niifikie.

Nilimkasirikia sana kwa hayo, sifichi. Lakini najua yalikoanzia.

Clifford alizaliwa Vihiga. Babake, Mzee Isaiah, alikuwa dereva wa idara ya kilimo, na gari alilopewa lilikuwa Landrova ya kijani. Ijumaa alilala nalo nyumbani. Asubuhi yake Clifford aliteka maji mtoni akaliosha, akasugua hadi ndani ya mabawa yanayofunika magurudumu, mahali ambapo hakuna mtu angetazama. Lakini kupanda? Thubutu. "Gari ya serikali haibebi mtoto wa dereva," mzee alisema, na hakuwa akitania. Mvua ikinyesha, Clifford alitembea kwenda shule akiwa ameloa chepechepe, na Landrova ikampita njiani, babake akiwa peke yake ndani, akimpungia mkono. Baadaye gari likapigwa mnada, mzee akastaafu, mzee akafa. Clifford hakuwahi kuketi ndani ya gari lile hata siku moja.

Mimi ningemnunia baba wa namna hiyo hadi kaburini. Clifford hana kinyongo. Anatamani tu, na tamaa hiyo haijazeeka ingawa yeye mwenyewe amezeeka. Nadhani anatamani babake asimame barabarani, kwenye ile mvua, amfungulie mlango.

Aliliona gari la Karen akiwa juu ya paa. Alikuwa ameitwa kutengeneza lifti ndogo kwenye nyumba ya watu wanaojiweza, na chumba cha mashine kilikuwa juu kabisa. Akainua kichwa kupumzisha shingo, akaona ng'ambo ya ua wa miti, nyuma ya nyumba ya mawe, pua ya Landrova ikichungulia kwenye nyasi. Alinisimulia jioni hiyo chakula kikipoa mbele yake. Rangi ilikuwa ile ile, aliniambia. Kijani kile kile cha baba.

Alipomaliza kazi alienda kugonga geti la jirani. Akafungua mama mzee mwenye kitambaa kichwani na bakora mkononi.

"Unauza nini?" mama akamuuliza.

"Siuzi, mama. Nataka kununua. Ile Landrova yenu."

"Hapa hatuuzi kitu," mama akasema, akafunga.

Huyo ndiye Mama Kui. Clifford alirudi mwezi uliofuata, na uliofuata tena. Geti lilifunguka kidogo, kisha zaidi kidogo, hadi akawa anaalikwa chai. Alimwekea bomba la jikoni sawa, akamwondolea majani kwenye mifereji ya paa. Gari aliruhusiwa kulitazama, basi. Akiuliza kama limefika siku ya kuuzwa, mama alimmiminia kikombe kingine kana kwamba hakusikia.

Hakuwa yeye peke yake aliyelitaka. Karen ina watu wenye pesa wanaokusanya magari kama hayo. Jumapili nyingine hukutana kwenye maegesho ya maduka, magari yamepigwa rangi hadi yanang'aa, na wenyewe wamevaa kofia za porini kana kwamba kuna simba nyuma ya supamaketi. Clifford huenda kuwatazama, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja harusi ya watu. Hawamfukuzi. Wanamwuliza spea zinapatikana wapi, naye anawaambia. Kadhaa kati yao walikuwa wamegonga geti la Mama Kui, wakarudi mikono mitupu.

Siku moja nikaamua kwenda kumwona huyu mke mwenzangu. Nilikwenda nikiomba kimoyomoyo Mama Kui asiuze kamwe, maana nyumbani hatuna hata mahali pa kuegesha baiskeli. Mama alinitazama kutoka viatu hadi kichwa.

"Kumbe wewe ndio unaachwa kila Sunday?" akasema.

"Ni mimi, mama. Nimekuja kuona ni nini mnafanya huku."

Alicheka hadi akakohoa. Alipogundua kazi yangu aliondoa kitambaa, akaniuliza kama nywele zake bado zinaweza kusukwa. Zilikuwa chache, nyeupe, laini mno. Clifford alikuwa nje akizunguka gari lake, nami nikaketi nyuma ya mama na kuanza kutenganisha mistari, na mtu ukimshika kichwa polepole ataongea.

Mumewe aliitwa Karanja. Alikuwa mchimba visima, akienda Kajiado, akienda Narok, akipotea siku nyingi na Landrova hiyo, akirudi na vumbi hadi kwenye kope. Siku ya mwisho alijisikia vibaya, na kwa kuwa Landrova ilikuwa na breki mbovu, binti yao Kui akampeleka hospitali kwa gari lake dogo. Mzee alimkabidhi mkewe funguo, akamwambia asizipoteze, kesho atatengeneza breki.

"Akarudi kwa gari ya mazishi," Mama Kui akasema. "Kila safari alikuwa anaenda na hii. Hiyo moja tu ndio alienda na gari ya watu."

Nilimaliza msuko, nikamfunga kitambaa chake. Njiani kurudi nyumbani nilimwambia Clifford amwache yule mama na gari lake, na Clifford akasema hata yeye alikuwa amewaza hivyo, lakini macho yake yalikuwa yanaangalia dirishani na sikumwamini.

Aliyevuruga mambo ni Kui. Ana nyumba za kupangisha Dagoretti na anamjali mamake, hilo nampa. Aliona mama anaishi peke yake kwenye kiwanja kikubwa akiwa na mlinzi wa usiku tu, akaamua kujenga nyumba mbili ndogo pale nyuma, ziwe na wapangaji, mchana kuwe na watu wa kuitikia mama akiita. Landrova ilikuwa katikati ya mahali pa msingi. Akamwambia mama kwamba watu wa skrapu watakuja na lori.

Mama Kui akampigia Clifford simu mwenyewe.

"Utachukua hii gari?"

Clifford alikuwa juu ya lifti ya watu, ilibidi akae chini. "Nitachukua, mama."

"Basi utaitengenezea hapa hapa. Haitatoka hapa ikivutwa. Mzee hajawahi kuvutwa. Itoke na injini yake."

Kui akakubali kungoja. Clifford akaanza. Kila wikendi alibeba vifaa hadi Karen, akahamisha kuku, akatoa viota, akang'oa injini na kuilaza juu ya turubai. Bodi ya gari hilo haishiki kutu, lakini chesisi ilikuwa imeliwa, akachomelea vyuma vipya akiwa amelala chali kwenye matope. Alitafuta kabureta, breki na magurudumu Grogani hadi wauzaji wakaanza kumwita kwa jina la gari. Rangi hakuigusa. Nilimwuliza kwa nini asiipake mpya ing'ae kama za wale wenye kofia, akaniambia hataki. Alikuwa anakonda, alikuwa anachelewa kula, na sijawahi kumwona mwenye furaha hivyo. Nilianza kumbebea chakula. Halafu nikaanza kubaki. Nilishona upya viti kwa mikono hii, nikijilaani.

Jumapili ya kuliwasha tulitoka kanisani moja kwa moja. Mama Kui alikuwa jikoni akipika chai, mimi nimesimama mlangoni. Clifford akaingia, akafunga mlango, akakaa tu. Nilimwona akiweka mikono kwenye usukani bila kufanya chochote. Nikageuka nitazame kwingine, maana yalikuwa yake na babake.

Kisha akawasha. Injini ikakohoa, ikatema moshi, ikanyamaza. Ikakohoa tena, ikakubali, na kiwanja chote kikajaa ngurumo ile. Mama Kui akaja mlangoni, akaweka mkono mdomoni, akarudi kwa sufuria yake. Clifford alikuwa anacheka peke yake mle ndani. Akajaribu taa. Akajaribu indiketa. Halafu akabonyeza honi, mara mbili, fupi fupi, kuona kama waya aliouunga umeshika.

Sauti ilikuwa kavu na ya zamani. Nilimsikia Mama Kui akiweka sufuria chini. Akajifuta mikono kwa leso, akanipita pale mlangoni bila kuniona, na bakora yake imebaki imeegemea meza. Alitembea haraka kama msichana. Akashuka hadi getini, akavuta komeo, akalisukuma geti lote hadi ukutani, kisha akasimama kando, karibu kabisa na ua, vile mtu anavyosimama kupisha gari. Alikuwa anatazama barabarani. Alikuwa ametabasamu.

Barabarani hapakuwa na gari. Alipita mtu na mbwa wake, akamsalimia, akaendelea.

Mama Kui akageuka. Akaona Landrova nyuma yake, ndani ya kiwanja, na Clifford kwenye usukani.

Clifford akazima injini, akashuka mbio. "Mama, nisamehe. Nilikuwa najaribu honi tu."

"Najua." Alikuwa ameshika geti kwa mkono mmoja. "Mzee alikuwa anapiga hivyo. Mara mbili. Mlinzi alikuwepo lakini mzee alikuwa anataka ni mimi nifungue."

Nilimtazama mume wangu, mtu aliyelitamani gari hilo tangu kabla sijamjua, na nikaona anachotaka kusema kabla hajafungua mdomo.

"Mama, tunaweza kuiacha. Nitaongea na Kui, ajenge upande ule mwingine."

Alimaanisha. Na mimi niliyeomba kimoyomoyo kwamba gari lile lisije kwangu, niliumia moyo kama vile ni mtoto ananyang'anywa kitu mkononi.

Mama Kui alilitazama gari.

"Ikikaa hapa," akasema, "nitakuwa naenda kufungua geti kila siku. Na hakuna mtu. Ipeleke leo, Clifford. Sasa hivi."

"Sawa, mama."

"Na ukipita hii barabara, usipige honi."

Clifford akafungua boneti, akachomoa waya wa honi, akautia mfukoni. Nikapanda kiti cha mbele, kile nilichokishona. Alishindwa kuingiza gia mara ya kwanza. Tulipita getini polepole, karibu sana na Mama Kui, na yeye hakututazama sisi. Aliweka kiganja kwenye bati la gari likimpita, kutoka boneti hadi mlango wa nyuma, hadi likaisha.

Hatukuwa tumefika mbali nilipomsikia akisukuma geti, kisha komeo likaingia.