Pengwini wa Mama

Mama alifundisha shule ya msingi maisha yake yote, na swali alilolipenda kuliko mengine lilikuwa "linganisha na utofautishe". Kiharusi kilipompoozesha upande wa kulia kilimwachia maneno machache, na mtaalamu wa mazoezi ya kuzungumza hospitalini akanishauri nimwonyeshe picha azizungumzie. Nyumbani kwetu Matiliku kitabu cha picha kilikuwa kimoja tu, cha pengwini, kilichobaki kabatini tangu enzi zake za darasani. Basi kila alasiri, kwa miezi minane, tulikaa chini ya mabati ya moto tukizungumzia barafu.

Nilikuwa naweka kidole kwa pengwini kaizari, kisha kwa pengwini mfalme. "Wakubwa wote," alijibu polepole. "Huyu mnene." Wote wawili hawajengi kiota, yai hukaa juu ya miguu. Ila wafalme hupokezana zamu, dume na jike, wakati kaizari dume hubaki peke yake na yai kipindi chote cha baridi, bila kula, hadi jike arudi kutoka baharini. Wale wadogo waitwao Adeli hujenga kwa vijiwe, na jirani akigeuka humwibia. Hapo mama alicheka kila mara. Halafu kuna yule wa visiwa vya Galapagosi, karibu na ikweta, anayehema mdomo wazi na kuifunika miguu yake kwa mabawa isiungue.

"Wewe," mama aliniambia siku moja akimgusa huyo. Sikupenda.

Nilikuwa mpishi katika hoteli moja Mtito Andei, kazi niliyoipenda kwa kelele zake. Mwenye hoteli alikuwa ameningoja kwa subira, lakini sasa alisema nisipofika Jumatatu ataandika mtu mwingine. Nilimpigia simu kaka yangu, dereva wa lori, tuliyetoka naye tumbo moja.

"Siwezi, unajua hivyo," akasema. "Kwetu mwanaume haogeshi mamake. Nitatuma kitu kidogo."

"Kaizari dume anakalia yai miezi miwili."

"Hiyo ni ndege, bana!"

Nikamwambia asipokuja Jumamosi, nitamwacha Mwaitu, kama tulivyomwita mama, kitandani na mlango wazi. Nilikuwa nadanganya, lakini kwa hasira niliyokuwa nayo hata mimi niliuamini uongo wangu. Kwa miezi minane ya kukaa ndani, kuta za nyumba ile nilizijua nyufa zake zote.

Alikuja, na machungwa ya Kibwezi kwenye mfuko. Nilikuwa nimejiandaa kumpiga vijembe hadi ajute kuzaliwa mwanaume. Hakunipa nafasi. Alikunywa chai, akakunja mikono ya shati, akachukua beseni, sabuni na taulo, akaniambia, "Haya, nionyeshe." Aliingia chumbani mbele yangu. Moyo wangu ulikwisha fika Mtito Andei, ukaanza kukata vitunguu.

Mama alimwona na lile beseni. Alivuta blanketi kwa mkono wake mzima hadi kidevuni, akaling'ang'ania.

"Mwaitu, ni mimi," kaka akasema.

"Toka."

Lilitoka safi, neno safi kuliko yote aliyowahi kusema tangu augue. Kaka akaweka beseni chini akatoka uani, na nikamsikia akilia. Miezi yote ile nilikuwa nimemlaumu yeye.

"Mama, Jumatatu naenda kazini," nikasema. "Lazima umzoee."

Akatikisa kichwa. Akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Wewe," akasema.

Nilimchukia wakati ule, mama yangu mwenyewe, na ninaandika hivyo kwa sababu ni kweli. Kisha nikajaribu maji kwa kiwiko, nikaongeza ya baridi, nikaanza na uso.