Mchonga Matairi wa Umoja

Unajua tairi la lori hufa lini? Fundi anayechonga matairi kando ya barabara pale Umoja hajibu kwa mdomo. Hufumba macho, huzamisha mkono ndani ya tairi hadi kwapani na kupapasa polepole, huku akiguna. Likiwa bado na raba ya kutosha, huchovya kisu kwenye maji ya sabuni na kulichonga mifereji mipya. Likiwa limeisha, hulipasua papo hapo, mwenyewe apende asipende, ili lisirudi barabarani. Kwake hakuna tairi linalochomwa moto.

Jioni moja Muoki, dereva wa lori la saruji, alimletea moja.

“Fundi, nichongee haraka. Kesho nateremka Mombasa, na nikichelewa tajiri atampa dereva mwenzangu Wekulo lori.”

“Waya zimeoza ndani. Hii imekufa, ndugu yangu.”

“Kwani wewe ni fundi ama pasta wa mazishi?”

Fundi hakucheka. Alilichana tairi ubavu mzima, na Muoki akashika kichwa. Aliona kazi yake imekwenda.

Asubuhi iliyofuata Muoki alisimama pembeni akamwona tajiri wake akishuka garini amefura.

“Tairi yangu iko wapi?”

Fundi alikuwa ameinama akikata akala, viatu vya raba, kutoka kwenye tairi lile. Alinyoosha kisu kuelekea vipande vilivyobaki, nyaya zenye kutu zikichomoza kila upande.

“Ni hiyo. Leta mguu nikupime.”

Tajiri alizitazama zile nyaya kwa muda mrefu, kisha akamtazama Muoki, mzima wa viungo vyote. Akavua kiatu.