Mwashi Asiye na Kucha

Saa moja asubuhi, kabla tofali la kwanza halijapanda ukutani, mwashi amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anapaka vidole mafuta. Kucha hana. Miaka kumi na tisa ya saruji imezila hadi nyama.

Si hoja, utasema. Ukuta haujengwi kwa kucha. Lakini huyu hupiga gitaa la nyuzi laini, lile la vidole vitupu, na wapigaji wake hufuga kucha za mkono wa kulia kama bibi harusi. Kucha ndizo huupa uzi sauti kali. Yeye alipiga kwa nyama ya kidole, sauti ikatoka imejifunika shuka.

"Nilibandika hata vipande vya mpira wa tenisi ya meza kwa gundi, viwe kucha," anasema. "Siku ya kwanza tu kazini, vyote vikabaki ndani ya ukuta wa watu."

Mwaka jana mwalimu wake wa muziki alimwambia bila kumung'unya maneno: ukumbini husikiki, chagua mwiko au gitaa. Mwiko unalisha watu wanne. Roho ilimuuma wiki nzima.

Akaenda kwa fundi magitaa, mama asiye na haraka wala maneno ya kubembeleza. Fundi akamwambia apige, akasikiliza.

"Nani kakwambia kucha ndizo zinazoimba?" akamuuliza. "Kinachoimba ni ubao, baba."

Gitaa la zamani la mwashi lilikuwa na uso mnene, mgumu. Fundi akaanza kumtengenezea jipya: kwa uso akatoa mwerezi, mti mwepesi unaoitikia hata ukiguswa kidogo. Akaupiga randa siku tatu, akiugonga kwa kidole na kutega sikio. Ukibaki mnene, unanyamaza. Ukizidi wembamba, mvuto wa nyuzi unaupasua. Mgongo akaweka mninga, besi ipate uzito. Tena akamfundisha: kidole kikishavuta uzi, kitue kwenye uzi wa jirani, kisiparure hewa.

Jumapili mchana mwashi akalifikisha gitaa nyumbani, akakaa kwenye kochi, akaanza. Sauti ya mkewe ikatoka chumbani: "Baba watoto, punguza basi, mtoto amelala."

Miaka kumi na mmoja ya ndoa, hajawahi kuambiwa hivyo.

"Nililia," anasema, wala haoni aibu.

Mwezi ujao atapiga ukumbini, mbele ya mwalimu yuleyule. Mkewe ameshachagua pa kukaa: safu ya mwisho kabisa, karibu na mlango.