Pipa la Ulanzi na Msamaha wa Bwana Shauri

Aibu niliyoipata Makambako sijamsimulia mjukuu hata mmoja, kwa sababu wajukuu wangu nawachapa wakisema uongo na ukweli huu unafanana na uongo, lakini nimezeeka sasa, na waliocheka siku ile wengi tumekwisha kuwazika, basi chekeni na ninyi mmalize.

Enzi za Mwingereza tulikuwa kundi la wanawake tunaouza ulanzi pale njia panda, malori yanaposimama. (Kwa msioujua, ulanzi ni maji ya mwanzi, asubuhi ni mtamu, kesho yake unamwangusha mwanamume.) Wanywaji walitutesa. Mtu anaonja kwangu, anakwenda kwa wifi yangu Rahabu, anamwambia, "Mwenzako kanipunguzia," uongo mtupu, na Rahabu naye anapunguza. Tukakaa, tukapatana bei moja, na atakayeshusha hatumpi hata kaa la moto. Dereva mmoja akaenda kutushitaki Njombe, na Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya, akatoa amri kwamba wauzaji wasipatane bei, ni kumwonea mnunuzi. Sawa. Wenye maduka waliuza chumvi kwa bei moja tangu nipate akili, lakini wao hawakupatana, walifanana tu.

Ila karani wake akatuambia upo msamaha: wanaochanganya mali yao wakauza pamoja kutoka chombo kimoja, kama chama cha wakulima, hao wanaruhusiwa bei moja. Yaani kupatana kwa mdomo ni kosa, kupatana ndani ya chombo ni maendeleo. Bwana Shauri angekuja kukagua mwenyewe. Akiridhika tunapata msamaha, asiporidhika tunarudi kunyang'anyana walevi.

Wakanichagua mimi mkubwa wa chama, maana nina sauti. Tukapata pipa la mafuta, tukalisugua kwa majivu, kila mmoja akamimina wake, mtamu wa asubuhi juu ya mkali wa juzi. Nzi wakaja. Nikaona haifai Bwana Shauri akague nzi, nikachonga kizibo, nikakizungushia kitambaa, nikakigongomea kwa jiwe.

"Mama Lusungu," Rahabu akasema, "ulanzi unapumua. Uachie upenyo."

"Wewe nani kakuchagua?"

Jua likawaka, Bwana Shauri akachelewa, pipa likaanza kunguruma kama tumbo la mgonjwa, na mimi nikalipigapiga nikiliambia litulie. Akafika na nguo nyeupe zilizonyooshwa, akatuamkia "Kamwene!" kwa ulimi mgumu, tukamshangilia.

"Ndicho chombo kimoja?" karani akauliza kwa niaba yake.

"Ndicho. Mwambie asogee auone umoja wetu."

Akasogea, akainama. Nikakilegeza kizibo. Kikaruka na kofia yake, na umoja wetu wote ukampiga usoni, kifuani, hadi kwenye soksi. Ningekaa kando ningepona, lakini mkubwa wa chama hakai kando, nikapanda juu ya pipa nikalikalia tundu. Mama mzima, kaka yangu mzee wa kanisa, nimekaa pale ulanzi unanifokea chini ya kanga, na madereva wanapiga honi!

"Mkazie, mama!" mmoja akapaza sauti. "Usimwachie!"

Lilipokwisha kutapika, Bwana Shauri akajifuta macho, akasema neno. Karani akatafsiri: "Pipa hili ni la nani?"

Nikawageukia wenzangu. Wanatazama barabara.

"La Mama Lusungu," akasema Rahabu. "Sisi tulikuwa tunapita."

"Bwana anasema, kama pipa ni la mtu mmoja, hakuna chama. Na kama hakuna chama, hakuna msamaha."

Kesho yake kila mmoja aliuza kwa bei yake, na wifi yangu ndiye aliyeshusha kuliko wote, akiita malori: "Njooni kwangu, wa kwangu rahisi, na hakuna aliyeukalia!"

Siku hizi wakija kuniingiza kwenye kikundi, nawauliza kwanza: siku chombo kikifumuka, kitakuwa cha nani? Wakianza kutazamana, najifunga kanga yangu narudi nyumbani.